UZI: Tulishajaribu kumpa mtu mmoja nguvu zote. Haya ndiyo yaliyotokea

1/ Kila sakata la pesa likilipuka hapa nchini, hoja mbili hujitokeza kabla jua halijatua. Ya kwanza: "Kenya inahitaji mtu mkali, apewe nguvu zote, anyooshe hii nchi." Ya pili: "Shida si katiba, shida ni watu." Uzi huu unajibu zote mbili kwa historia yetu wenyewe. Hakuna jina la mwanasiasa wala chama humu ndani, na ni makusudi. Tukianza na majina, kila mtu anakimbilia kumtetea wake na hakuna anayesoma tena. Tarehe hazina kabila, basi tutumie tarehe.

2/ Hoja yangu ni hii. Nguvu zote zikikaa kwa ofisi moja, wizi na umwagaji damu havitokei kwa bahati mbaya. Kwanza breki zinaondolewa, tena kisheria, bungeni, mchana kweupe. Halafu pesa zinaibwa juu hakuna wa kuuliza. Halafu aliyedhulumiwa anakosa mahali pa kushtaki. Ukifika hapo, uchaguzi haufanani tena na mashindano, unafanana na vita. Kenya ilipitia hatua hizo moja baada ya nyingine, na zote zimeandikwa.

3/ Tuanze na ardhi, kwa sababu huko ndiko mazoea yalikoanzia. Sheria ya ardhi ya 1915 iliweka ardhi chini ya ufalme wa Uingereza, na Gavana ndiye aliyeshika kalamu ya kuigawa. Setla aliweza kupewa shamba kwa miaka 999. Mwafrika aliyezaliwa hapo hapo alihesabiwa kama mpangaji anayeweza kuondolewa wakati wowote. Chini ya Gavana kulikuwa na wakuu wa wilaya, na chini yao machifu waliopewa meno makali na sheria ya 1937. Amri ilishuka kutoka juu. Hakuna aliyekuwa chini mwenye haki ya kuuliza kwa nini.

4/ Uhuru ulikuja 12 Desemba 1963 na katiba ya kugawana. Kulikuwa na Waziri Mkuu anayewajibika bungeni, mabunge mawili, na majimbo saba yenye mabunge yao, Nairobi ikiwa kando. Katiba hiyo haikuwa takatifu. Ilijadiliwa London, na nyuma yake kulikuwa na hofu ya jamii ndogo ndogo pamoja na masetla waliotaka kulinda mashamba yao. Lakini ilikuwa na jambo moja la maana: hakuna mtu mmoja aliyeshika ardhi, hazina, polisi na mahakama kwa pamoja.

5/ Haikudumu. Tarehe 12 Desemba 1964, mwaka mmoja kamili baadaye, tukawa jamhuri yenye Rais mtendaji, na majimbo yakaanza kunyang'anywa kazi na pesa. Aprili 1966 ikatungwa sheria kwamba mbunge akihama chama lazima arudi kwa wapiga kura, na ikawakuta wale waliokuwa wameshahama. Mwaka huo huo serikali ikapata uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila mashtaka hata wakati wa amani. Seneti ikamezwa na bunge la chini. Kufikia 1968 majimbo yalikuwa yamekwisha. 1969 upinzani ukapigwa marufuku.

6/ Na ile kalamu ya ardhi? Sheria ya 1915 haikufutwa. Ilibadilishwa jina tu ikawa Sheria ya Ardhi ya Serikali, na nguvu za Gavana za kugawa ardhi ya umma zikahamia kwa Rais. Ilikaa kwenye vitabu vyetu mpaka 2012. Kwa hivyo mtu akikuambia viongozi wetu walibuni tabia mpya, mwambie hapana. Walirithi kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya kutawala watu wasio na sauti, na badala ya kukivunja wakakalia.

7/ Wa kwanza kuonja kiti hicho kilivyo kichungu walikuwa watu wa Kaskazini. Katiba ilirekebishwa 1966 ili Rais aweze kutawala Kaskazini Mashariki kwa amri tu, bila kupitia bunge. Hali hiyo iliendelea mpaka 1991. Sisi wengine tuliokuwa na bunge, hata kama lilikuwa dhaifu, tulikuwa nchi moja. Wao walikuwa nyingine. Na mwaka 1970 ikapitishwa sheria ya kuwakinga wanajeshi, polisi na maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyafanya huko kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Soma tena hiyo: sheria ya kuzuia watu wasiende kortini.

8/ Februari 1984, vikosi vya usalama vilikusanya wanaume wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Walishikiliwa siku kadhaa juani, bila chakula, bila maji. Wengi walipigwa risasi. Serikali ikasema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria kwamba waliokufa ni karibu 1,000. Pengo kati ya 57 na 1,000 halitokani na kukosea hesabu. Ndivyo idadi inavyokuwa pale ambapo anayeua, anayehesabu na anayechunguza wote wanapokea amri kutoka kwa ofisi moja.

9/ Turudi Nairobi. 1975: mwanasiasa mmoja alipatikana na makosa ya uchaguzi na kufungiwa asigombee. Bunge likaitwa, katiba ikarekebishwa, Rais akapewa uwezo wa kusamehe makosa ya uchaguzi. Akasamehewa. Katiba ya nchi nzima ilibadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Hakuna aliyekufa siku hiyo, hakuna senti iliyoibwa. Ndiyo maana watu wanasahau. Lakini somo liliingia vizuri kwa kila mkubwa: sheria haikufungi, bora uko karibu na anayefungua.

10/ Juni 1982, kifungu cha 2A kikaingizwa kwenye katiba. Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mnamo 1 Agosti kukawa na jaribio la mapinduzi, na baada ya hapo hofu ikatanda mpaka mezani. Watu walinong'ona ndani ya nyumba zao. Katikati ya miaka ya 80 washukiwa wa siasa walipelekwa kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, wakateswa, kisha wakafikishwa kortini jioni bila wakili na "kukiri" makosa. Miaka mingi baadaye mahakama zimeamuru wengi wao walipwe fidia. Miaka hiyo ya 80, hakimu alitazama mtu aliyevimba mbele yake na kuandika: amekiri.

11/ Sasa tusikilizane hapa, kwa sababu sehemu hii huwa haifundishwi shuleni. Mwaka 1986 katiba ikarekebishwa tena. Safari hii waliolengwa ni maafisa wawili: Mwanasheria Mkuu, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Zamani kuwaondoa kulihitaji jopo na sababu. Baada ya 1986 hawakuwa na ulinzi tena. Mmoja ndiye anayeamua nani ashtakiwe. Mwingine ndiye anayeangalia pesa za umma zimeenda wapi. Wote wawili sasa walikuwa wanaweza kwenda nyumbani leo, wasielezwe kosa.

12/ Februari 1988, kura za mlolongo. Hakuna karatasi, unapanga foleni nyuma ya mwombaji au picha yake, chifu na DO wakitazama. Aliyepata asilimia 70 kwenye mchujo alihesabiwa amepita bila kupingwa. Waliokuwepo wanakumbuka foleni fupi zikitangazwa kuwa ndefu. Ungeomba kuhesabu upya nini? Watu walikuwa wameshaenda nyumbani. Bunge lililotoka kwenye foleni hizo ndilo lililokaa baadaye mwaka huo huo na kuondoa ulinzi wa kazi wa majaji na wa Tume ya Utumishi wa Umma. Polisi nao wakaruhusiwa kumshikilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa siku 14.

13/ Hesabu tuliyofika kufikia mwisho wa 1988. Mkaguzi wa pesa: anafutika. Mwendesha mashtaka: anafutika. Jaji: anafutika. Mbunge: amepita kwa foleni. Gazeti: linaweza kupigwa marufuku. Ardhi ya umma: kalamu moja. Polisi: amri moja. Kama kuna wakati Kenya ilikuwa na "mtu mkali mwenye nguvu zote", ndio huo. Basi tujiulize kwa haki: je, ufisadi ulikwisha?

14/ Ulizaa Goldenberg. Ilianza 1990, kifungu cha 2A kikiwa bado kiko. Sheria ilikuwa inawapa wauzaji bidhaa nje zawadi ya asilimia 20 ili walete pesa za kigeni. Kampuni moja ikapewa haki ya pekee ya kuuza dhahabu na almasi, tena kwa nyongeza hadi asilimia 35. Kenya haikuwa na machimbo ya almasi. Dhahabu yetu ilikuwa kidogo sana. Lakini makaratasi yaliandikwa, mihuri ikapigwa, na Hazina ikalipa mabilioni kwa bidhaa ambazo hazikuwepo. Mpaka 1993. Tume ya Bosire ilikuja kuyaanika hayo kati ya 2003 na 2006.

15/ Tujiulize muhuri ulipita meza ngapi: forodha, idara ya madini, Wizara ya Fedha, Benki Kuu. Si kwamba wote hapo walikuwa wezi. Wengi walijua tu kwamba hata mkubwa kuliko wao hana ulinzi. Aliyethubutu alikuwa karani kijana wa Benki Kuu aliyetoa nyaraka 1993 zikafika bungeni na kwa magazeti. Alikamatwa, akashtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali, kesi ikafa lakini kazi ikapotea. Alifariki 2006 akiwa maskini. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya swali moja.

16/ Na mwananchi alilipa vipi? Kwa unga. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika takriban asilimia 46. Mshahara wa mwalimu ulikuwa uleule, mkate haukuwa uleule. Wenye umri watakuambia walivyopunguza sukari kwa chai, walivyotoa mtoto shule muhula mmoja. Tukisema "ufisadi" watu wanafikiria mtu mmoja na mkoba wa pesa. Huu ulikuwa mkono ulioingia kwa kila jiko la Kenya, hata la mama ambaye hajawahi kuona dola.

17/ Kwa nini wizi ulikuwa mkubwa hivyo wakati huo? Kwa sababu 1992 ndio uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 60, na kiti kilikuwa hatarini. Angalia ardhi. Tume ya Ndung'u, iliyokabidhi ripoti 2004, iligundua kwamba ugawaji haramu wa ardhi ya umma ulipanda karibu na chaguzi za 1992, 1997 na 2002. Misitu, viwanja vya shule, akiba za barabara. Ilikadiria hatimiliki haramu takriban 200,000 kwa jumla tangu 1962. Kalamu ya 1915 sasa ilikuwa inanunua kura. Wizi haukuwa dosari ya mfumo. Ulikuwa mafuta yake.

18/ Na pale pesa hazikutosha, kukawa na moto. Septemba 1991, katika mikutano ya Kapsabet na Kapkatet, wanasiasa walitangaza kwamba Bonde la Ufa lina wenyewe na wanaotaka vyama vingi wajue pa kwenda. Neno majimbo, lililokuwa la katiba mwaka 1963, likageuzwa kuwa tishio la kufukuza majirani. Mwisho wa Oktoba, shamba la Miteitei kule Nandi likawaka. Kufikia 1993, Human Rights Watch walikadiria watu 1,500 wameuawa na 300,000 wamefurushwa. Aliyefurushwa hapigi kura mahali alipojiandikisha. Hiyo nayo ni hesabu ya uchaguzi.

19/ Agosti 1997 ikawa zamu ya Pwani. Kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na "watu wa bara" wakafukuzwa miezi michache kabla ya kura. Tume ya Akiwumi ikaundwa 1998 kuchunguza machafuko yote haya. Iliona kwamba utawala wa mkoa na polisi mara nyingi walijua na hawakuchukua hatua, wengine wakishiriki. Ilimaliza kazi 1999. Ripoti ikafungiwa kabatini mpaka 2002. DC aliyekaa akitazama nyumba zikiungua hakuwa mjinga. Alikuwa anajua nani anaweza kumhamisha kesho asubuhi.

20/ Utaniuliza, si waliodhulumiwa wangeenda kortini? Walienda. Ulinzi wa kazi wa majaji ulikuwa umerudishwa 1990, lakini mteuzi alikuwa yule yule. Kesi ya kupinga uchaguzi wa urais wa 1992 ikatupwa kwa sababu mlalamishi, aliyekuwa mgonjwa wa kiharusi, hakutia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Ya 1997 ikatupwa kwa sababu Rais hakukabidhiwa makaratasi ana kwa ana. Jaribu kupita walinzi wa Ikulu na bahasha mkononi uone. Kura hazikufunguliwa hata moja.

21/ Weka hizo kesi mbili kando ya 2007. Watu walipiga kura 27 Desemba. Makamishna wengi wa tume ya uchaguzi walikuwa wameteuliwa na Rais peke yake, kwa sababu makubaliano ya 1997 ya kushauriana na upinzani hayakuwa sheria. Matokeo yakatangazwa tarehe 30, na kiapo kikaliwa Ikulu jioni hiyo hiyo. Upande uliosema umeibiwa uliambiwa uende kortini. Ukakataa. Ukasema wazi hauna imani na korti. Baadaye Tume ya Kriegler ilisema uchaguzi uliharibiwa kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda.

22/ Mlango wa korti ukifungwa, watu hutoka barabarani, na barabarani kulikuwa na wengine wanaongoja kwa mapanga na petroli. Watu waliungua ndani ya kanisa la Kiambaa. Familia zikachomwa ndani ya nyumba Naivasha. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Risasi ndiyo iliyoua wengi kuliko kitu kingine chochote. Majirani wetu waliuana, ndio, tusijifiche. Lakini zaidi ya theluthi moja ya makaburi yale yalitokana na bunduki, na bunduki nyingi zilikuwa za serikali.

23/ Tume ya Waki haikuishia kusema "Wakenya wana ukabila". Ilitaja chanzo: nguvu zimekusanyika kwa Rais kiasi kwamba kila jamii inaamini mtu wao asipokuwa Ikulu hawatapata barabara, kazi wala ardhi, na kwamba waliochochea vurugu za awali hawakuwahi kuadhibiwa. Imani hiyo haikuwa ujinga wa mwananchi. Ilikuwa somo la miaka 40. Ukijua kiti kimoja kinaamua kama utakula au utalala njaa, utakipigania kama shamba la mwisho duniani. Na aliyekikalia ataogopa kutoka, kwa sababu akitoka ataulizwa.

24/ Ndiyo maana 4 Agosti 2010, asilimia 67 ya waliopiga kura walisema ndio kwa katiba mpya. Isome ukijua hii historia, utaona kila kifungu kinajibu kidonda fulani. Mkaguzi Mkuu: miaka minane, hateuliwi tena, haondolewi bila jopo. Majaji: wanapendekezwa na tume, wanaondolewa kupitia jopo. Inspekta Jenerali: hakuna anayeruhusiwa kumwambia amchunguze nani. Ardhi ya umma: ina tume yake. Pesa: angalau asilimia 15 ya mapato iende kaunti. Breki moja moja, zikarudishwa.

25/ Sasa hoja ya "shida ni watu." Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais. Majaji hao hawakutoka mwezini. Walisoma shule zetu, wanatoka jamii zetu, wengine walikuwa mawakili enzi za makaratasi ya ana kwa ana. Wakenya ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba jaji aliyetoa hukumu hiyo alijua kesho bado ana kazi. Uchaguzi wa marudio ulikuwa na matatizo yake, na polisi waliua watu mwaka huo pia. Lakini mzozo uliokwenda mbele ya jaji ulikuwa na mahali pa kuishia.

26/ Je, tumepona? Hapana. Kaunti nyingi zimepata wakubwa wao wadogo, wenye jamaa wanaoshinda zabuni na wawakilishi wa wadi wanaonyamazishwa kwa safari. Juni 2024 vijana waliandamana, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikahesabu vifo 39 kati ya 18 Juni na 1 Julai. Kugawa nguvu hakumfanyi mtu awe malaika. Kunachofanya ni kuacha mtu mmoja nje ya mnyororo wa amri, ambaye anaweza kuhesabu maiti bila kuuliza ruhusa. 1984 mtu huyo hakuwepo. Ndio tofauti ya 57 na ukweli.

27/ Na breki hazikatwi tena kwa marekebisho ya saa tatu bungeni. Siku hizi zinalegezwa polepole. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41. Ikapita karibu miaka miwili, kisha Juni 2021 wakaapishwa 34. Sita wakasubiri hadi 2022. Katiba haikuguswa hata herufi moja. Ofisi huru pia inaweza kunyimwa bajeti, au kuachwa bila makamishna, au kuitwa "adui wa maendeleo" kwenye kila mkutano wa Jumapili. Hakuna risasi inayolia, na ndiyo maana hatushtuki.

28/ Kwa hivyo mtu akija na pendekezo lolote, la kaunti au la taifa, liwe limepambwa kwa maneno matamu namna gani, usiulize kwanza kama anayelileta ni mtu wetu. Uliza hivi: baada ya hili, nani ataweza kumfuta kazi mtu anayemchunguza? Kama jibu ni "mwenyewe anayechunguzwa", tayari umerudi 1986. Na ukikumbuka kilichofuata 1986, utajua huwa tunalipa miaka michache baadaye, kwanza kwa bei ya unga, halafu kwa majirani.

29/ Mwisho wa uzi. Kwa wale watakaosema "lakini mtu wetu ni mzuri": huenda ni kweli. Kiti hakitakuwa chake milele. Nguvu mnazompa leo atazikuta yule msiyempenda. Kama mzazi wako, shangazi au babu aliishi Likoni 1997, Wajir 1984 au Bonde la Ufa 1991, muulize ilikuwaje. Andika alichokuambia hapo chini, bila majina ya wanasiasa. Tunasoma yote.